Mlango wangu, nyumba yake: maswali ya wapangaji

Maswali mengi niliyopokea safari hii yametoka kwa watu waliopanga chumba ndani ya nyumba anayoishi mwenye nyumba mwenyewe. Sishangai. Nyumba nyingi za Kariakoo, Magomeni na Buguruni zilijengwa hivyo tangu zamani: korido katikati, vyumba vinatazamana huku na huku, na uani nyuma kuna jiko, choo na bafu. Mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele, vingine anapangisha. Ukikaanga samaki, nyumba nzima inajua. Nimeyafupisha maswali na kuondoa majina.

Mama mwenye nyumba huingia chumbani kwangu nikiwa kazini. Nikiacha dirisha wazi nakuta limefungwa, na juzi nimekuta sufuria yangu imeoshwa. Ni mtu mwema, ananiita mwanangu. Nimwambieje asiudhike? (Mpangaji, Temeke)

Ugumu uko kwenye hiyo sufuria. Mtu akikuibia utapiga kelele, lakini akikuoshea vyombo utalalamika nini? Pole sana, maana mwema ni mgumu kumkatalia kuliko mkorofi.

Kwanza ujue umesimama wapi. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi na maskani yake. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti akae kwa utulivu. Sheria hiyohiyo inamruhusu mwenye nyumba kuingia kukagua mali yake kwa wakati unaofaa. Kwa hiyo mama hajafungiwa mlango kabisa, ila kuingia kimyakimya wakati hupo, bila dharura wala taarifa, si kukagua.

Hayo ni ya kujua wewe, usiende nayo kwake. Mtoto wa watu anayemsomea mama Katiba uani atatafutiwa sababu ya kuhamishwa kabla mwezi haujaisha. Chagua wakati. Siku ya kupeleka kodi si nzuri, ataona unatafuta kupunguziwa. Wala usiseme mbele ya wapangaji wenzako. Nenda jioni ametulia, mwamkie, kaa kidogo, kisha sema kitu kama hiki: "Mama, nashukuru unavyoniangalia. Naomba jambo moja tu. Chumba changu nimezoea kukifungua na kukifunga mwenyewe. Kukitokea lolote nipigie simu, hata nikiwa kazini nitapokea." Basi. Sufuria usiitaje, na usiseme nani alimwona akiingia. Ukianza kuleta ushahidi, itabidi ajitetee, na akijitetea mazungumzo yamekufa.

Halafu kuna suala la funguo ya akiba. Wengi wanataka kumnyang'anya, mimi nakushauri umwachie kwa utaratibu. Itie kwenye bahasha, gundisha mdomo, tia saini yako katikati ya gundi ili nusu ya saini iwe juu ya kifuniko na nusu nyingine kwenye bahasha. Mkabidhi umwambie: "Mama, hii ni ya dharura, bomba likipasuka au umeme ukipiga shoti, chana uingie." Atakuwa na funguo, roho yake itatulia, na bahasha ikichanwa mtajua wote wawili.

Ikiendelea baada ya hapo, badilisha kitasa kwa gharama yako, ukimwambia kabla. Cha zamani kihifadhi na skrubu zake kwenye mfuko, ukirudishe siku ya kuhama.

Watoto wa mwenye nyumba wanaingia kwangu bila hodi kuangalia katuni. Nafanya kazi zamu za usiku, mchana ndio nalala. Nikifunga mlango mama yao ananuna kwamba nina maringo. (Nesi, Tandika)

Funga mlango, na usiombe radhi. Ila mpe mama mtu sababu mapema, maana wengi hawajui zamu ya usiku inamfanyaje mtu: "Dada, nikirudi asubuhi nalala mpaka saa tisa. Saa kumi waje, nitawawashia." Ukiwapa watoto saa yao, huonekani umewafukuza.

Kama ni nyumba ya Waislamu, jambo hili wanalijua vizuri kuliko mimi na wewe. Sura ya An-Nur, aya ya 58, inataja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumba hiyohiyo wanatakiwa kuomba ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya sala ya alfajiri, mchana watu wanapovua nguo zao, na baada ya isha. Huna haja ya kumhubiria mtu. Mara nyingi bibi wa nyumba akisikia malalamiko yako atawakumbusha yeye mwenyewe.

Na kama mchana unaacha mlango wazi na kushusha pazia tu, kwa sababu ya joto: mtu mzima anaelewa kwamba pazia ni mlango. Mtoto haelewi mpaka afundishwe.

Geti linafungwa saa nne usiku na hataki mgeni alale. Dada yangu alitoka Tanga akalala siku mbili, sasa baba mwenye nyumba ameniambia nihame mwisho wa wiki. Nimelipa miezi sita, bado mitatu. (Tabata)

Hapa kuna mambo mawili, usiyachanganye.

Geti ni lake. Nyumba ya kukaa pamoja ina saa zake, na kama ulielezwa ulipokuja kuona chumba, ulikubali. Unachoweza kuomba ni funguo ya geti au utaratibu wa kupiga simu ukichelewa. Kuhusu mgeni, kutoa taarifa si kuomba ruhusa: "Baba, Ijumaa dada yangu anakuja, ataondoka Jumapili." Mwenye nyumba akikutana na sura ngeni bafuni alfajiri ana haki ya kushtuka. Kama aliwahi kuulizwa na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa ni nani wanaolala kwake, utaelewa hofu yake. Dada wa siku mbili, hata hivyo, si kosa la kumhamisha mtu.

Kuhama mwisho wa wiki haiwezekani. Umelipia miezi sita, na muda uliolipia ni wako mpaka uishe, isipokuwa umevunja sharti kubwa la mkataba. Hata mpangaji wa mwezi kwa mwezi asiye na karatasi yoyote anastahili taarifa isiyopungua mwezi mmoja. Akitaka uondoke kabla ya muda wako, kaeni mzungumze habari ya kurudishiwa kodi ya miezi iliyobaki, na usitoe hata kitanda kabla hujaishika mkononi. Mkishindwana, anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Baraza la Kata lipo pia, lakini tangu marekebisho ya sheria ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Wa kutoa hukumu ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tunza risiti au meseji za malipo, mengine yote ni maneno.

Luku ni moja. Kila umeme ukiisha mama anapita vyumbani kuangalia nani ana friji, nani ana pasi, hata kabati anafungua. (Mbagala)

Kabati linahusianaje na umeme? Mwambie hivyo hivyo, kwa upole.

Chanzo chake, lakini, ni mita ya pamoja. Watu wanne wakichangia sawa na mmoja ana friji, kila mtu anageuka askari. Nyumba ya namna hiyo pia huvuka yuniti 75 kwa mwezi kirahisi, ikatoka kwenye bei nafuu ya watumiaji wadogo, na makali hayo yanamrudia mama. Dawa ni fundi umeme kufunga mita ndogo kwenye laini ya chumba chako. Tarehe moja mnasoma namba mkiwa wawili, mnaandika ukutani au kwenye daftari, unalipa ulichotumia. Gharama ya mita toa wewe kama una uwezo, maana anayenunua utulivu hapo ni wewe. Ukishakuwa na namba, hakuna cha kumleta kwenye kabati.

Mwenye nyumba kafunga kamera korido baada ya wizi. Imeelekea mlango wangu, na bafu lipo palepale. Anaangalia kwenye simu yake. (Msichana, Sinza)

Kamera ya getini haina ubaya, na baada ya wizi huwezi kumlaumu. Muhimu ni inatazama wapi. Mwombe mtazame pamoja kwenye simu yake, ukiwa umesimama mlangoni na mlango wazi. Kama kitanda chako kinaonekana, au mtu anaonekana akitoka bafuni na kanga, ataona aibu mwenyewe. Taka mambo mawili: igeuzwe itazame lango la kuingilia, na sauti izimwe, kwa sababu kamera nyingi za siku hizi hunasa na mazungumzo. Muulize pia nani mwingine ana nywila. Mara nyingi ni kijana wa nyumba aliyeifunga, na mzee hana habari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Kuitaja tu wakati mwingine kunatosha kugeuza kamera.

Kamera ndani ya bafu au ndani ya chumba ni habari nyingine. Hapo hakuna kukaa kikao. Piga picha mahali ilipo, ondoka na mtu unayemwamini, nenda polisi siku hiyohiyo.

Nipo Uingereza, nimepanga chumba kwa bibi mmoja Mzanzibari, jiko na bafu tunatumia pamoja. Anaingia kwangu kufungua madirisha kwa sababu ya unyevu. Haki zangu ni zipi? (Mwanafunzi, Leicester)

Chache kuliko unavyodhani. Huko, anayeishi na mwenye nyumba na kushiriki naye jiko au bafu hana ulinzi wa mpangaji wa nyumba nzima. Bibi hahitaji amri ya mahakama kukutoa. Inatosha akupe taarifa ya muda wa kuridhisha, kwa kawaida sawa na kipindi unacholipia kodi, na anaweza kuisema kwa mdomo. Amana yako pia si lazima aiweke kwenye mpango wa kulinda amana za wapangaji. Kwa hiyo andikianeni karatasi moja: siku za kuingia, kubisha hodi, kuondoka. Na madirisha fungua mwenyewe kila asubuhi, hata kwa dakika kumi. Ukungu ukutani si hadithi za bibi, na ukishughulika nao wewe hatakuwa na sababu ya kuingia.

Mnawatetea wapangaji tu. Mimi ni mjane, nyumba ndiyo pensheni yangu. Kijana amebadilisha kitasa bila kunieleza. Akaenda safari, koki ikaachwa wazi, maji yakaja usiku yakafurika mpaka kwangu. Tumevunja mlango. Nani alipe? (Mama mwenye nyumba, Kinondoni)

Shikamoo mama. Alipe yeye, kitasa na hasara ya maji. Chumba ni chake kwa muda aliolipia, lakini mlango, bomba na ukuta ni vyako, na kukuacha bila njia ya kuingia wakati wa dharura ni uzembe. Ulivyovunja mlango maji yakifurika hukumkosea mtu. Kama hukuita shahidi, safari nyingine ita mpangaji mwenzake asimame pale, na upige picha kabla ya kugusa kitu.

Ila nikuulize, mama: kwa nini alibadilisha? Vijana wengi hawatumii pesa kwenye kitasa bila sababu. Kama kulikuwa na mtu anaingia kwake, hata kama si wewe, ni mjukuu aliyetumwa kuchukua ndoo, basi mzungumze na hilo siku mnayopiga hesabu ya maji. Halafu umpe ile habari ya bahasha niliyomwandikia mwenzake wa Temeke. Ukitaka kukagua paa au bomba, mtumie meseji siku mbili kabla. Jumamosi saa nne asubuhi huwa hawakatai, wamekwisha kuamka na kutandika.