Ghala la data (hifadhi moja inayokusanya data za mifumo mbalimbali ya kampuni kwa ajili ya ripoti) hujengwa kwa muda gani?

Miezi 3 hadi 4 kwa eneo moja la biashara, tuseme mauzo, lenye vyanzo 2 au 3, yaani mifumo data inakotoka. La kampuni nzima usilikadirie kwa mkupuo. Usihesabu ripoti, hesabu vyanzo: muda mwingi huliwa na kuchota, kusafisha na kupakia data. Mteja yuleyule akiwa na namba moja kwenye mfumo wa mauzo na nyingine kwenye uhasibu, kuoanisha tu kunaweza kumaliza wiki kadhaa. Kabla ya kutaja tarehe, tenga wiki moja uichungulie data yenyewe: safu tupu, tarehe za mitindo miwili, rekodi zilizojirudia. Na ruhusa ya kusoma hifadhidata iombwe siku ya kwanza, maana hiyo hukwama kuliko kazi yenyewe.