Ukiombwa Kuhakiki Makala au Ombi la Ufadhili kwa Mara ya Kwanza

Barua pepe ya kwanza ya mhariri wa jarida la kitaaluma huwapata watafiti wengi wakiwa bado kwenye masomo ya uzamifu, au muda mfupi baada ya makala yao ya kwanza kuchapishwa. Ikisiri imeambatishwa, na mhariri anauliza kama unaweza kuuhakiki mswada. Wanafunzi wangu hapa Nairobi huja na swali lilelile: "Mwalimu, mimi ni nani wa kumkosoa profesa?" Huwaambia kwamba profesa hayumo katika kazi hiyo. Kilichomo ni dai, na ushahidi uliowekwa chini yake. Mhariri anataka kujua kama ushahidi huo unalibeba dai. Na kama haulibebi, useme ni wapi na kwa nini, kwa maneno ambayo mwandishi anaweza kuyafanyia kazi. Mwanafunzi aliyeshinda miezi akisafisha data za hojaji mara nyingi huona mapengo ambayo mwenye cheo ameyapita, kwa sababu kazi hiyo bado iko mikononi mwake.

Usikimbilie kukubali, lakini. Chunguza jarida kwanza. Majarida ya kitapeli hutuma mialiko ovyo, yakakupa mada usiyoijua na siku tatu za kuimaliza. Tafuta majina ya wahariri uone kama ni watu wanaofanya kazi katika taaluma hiyo, soma makala mbili zilizokwisha kuchapishwa, uliza idarani kama kuna anayelisoma. Jarida likiwa la kweli, angalia ni sehemu gani ya mswada unaweza kuipima. Hulazimiki kupima yote. Mwandikie mhariri waziwazi kwamba utaangalia ukusanyaji wa data na muktadha wa Kenya, ila uchanganuzi wa takwimu apewe mtu mwingine. Wahariri huipokea vizuri barua ya namna hiyo, maana inawaonyesha pengo la kuziba. Na kama huna nafasi, kataa siku hiyohiyo na upendekeze wenzako wawili. Ukinyamaza wiki tatu unamchelewesha mtu ambaye huenda anaihitaji makala hiyo ili ahitimu.

Kisha kuna mgongano wa maslahi. Jamii ya watafiti hapa mjini ni ndogo. Jina la mwandishi linaweza kufichwa, lakini ukisoma kuhusu kliniki fulani katika miaka fulani unamjua, kwa kuwa ulikuwa ukumbini siku alipotetea pendekezo lake. Mweleze mhariri unachokijua kabla hujaanza, naye aamue. Fanya hivyo pia kama mmewahi kuandika pamoja, kama mnagombea ufadhili uleule, au kama msimamizi wenu ni mmoja.

Mara ya kwanza soma bila kalamu. Ukimaliza, funga mswada uandike sentensi mbili tatu kwa maneno yako: waliuliza nini, walifanya nini, wanadai nini. Ukishindwa, usijilaumu haraka. Mara nyingi makala yenyewe haijaamua inasema nini, na hiyo itakuwa hoja yako ya kwanza. Mara ya pili anza na mbinu na majedwali, uiache sehemu ya mjadala kwa muda. Mjadala umeandikwa kukushawishi. Jedwali halina ufasaha huo. Jumlisha safu zake. Ukiambiwa asilimia 60, uliza ni ya watu wangapi. Kama mbinu zinataja wahojiwa 412 na jedwali la tatu lina 375, wale 37 walienda wapi, na je, waliotoka wanafanana na waliobaki?

Hapa ndipo mhakiki wa Nairobi ana thamani ambayo mwenzake wa London hana. Chukua makala inayozungumzia ajira na afya ya wakazi wa Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Waandishi wanasema walitembelea nyumba zilizochaguliwa kwa nasibu, siku za kazi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Kwa msomaji wa mbali hilo ni maelezo ya kawaida. Wewe unajua kwamba saa hizo watu wengi wa Mukuru wako Industrial Area au njiani wakitafuta kibarua. Waliokutwa nyumbani ni wale ambao siku hiyo hawakuwa na kazi, wagonjwa, akina mama wenye watoto wachanga, na wafanyakazi wa zamu ya usiku waliotoka usingizini. Ukisoma baadaye kwamba "wakazi wengi hawana ajira", umeshajua tatizo liko wapi. Liandike. Taja ukurasa, eleza nani ameachwa nje, na uulize kama kulikuwa na ziara za jioni au za Jumamosi. Kama hazikuwapo, dai lipunguzwe liwahusu waliokutwa nyumbani mchana. Usidhani kwamba mhakiki mwingine atasema. Huenda wewe ndiye pekee katika kundi lile aliyewahi kupita katika mitaa hiyo.

Kosa jingine ninaloliona sana katika miswada ya elimu na afya ni la kuhesabu watu mmoja mmoja ilhali waligawanywa kwa makundi. Watafiti wanachukua shule 10. Tano zinapata mbinu mpya ya kufundisha, tano zinabaki na ya zamani, na kila shule inatoa wanafunzi 30. Wanachanganua data kana kwamba wana watu 300 wasiohusiana. Lakini wanafunzi wa shule moja wana mwalimu mmoja, mazingira mamoja, pengine hata njaa moja ya saa nne. Wanafanana. Kuna kanuni rahisi ya kupima uzito wa kufanana huko: chukua idadi ya wanafunzi katika kila shule, toa moja, zidisha kwa kiwango cha kufanana ndani ya shule, kisha ongeza moja. Tuseme kiwango hicho ni 0.1. Kwa wanafunzi 30 unapata 3.9. Gawanya 300 kwa 3.9 na utaona kwamba taarifa iliyomo inalingana na ya watu wapatao 77 tu. Matokeo yaliyoonekana thabiti yanaweza kuyeyuka. Huhitaji kuwa mwanatakwimu kuliona hili. Inatosha kuuliza ni nini hasa kilichogawanywa, mtu au shule.

Zipo orodha za ukaguzi zinazosaidia: CONSORT kwa majaribio ya nasibu, STROBE kwa tafiti za uchunguzi, PRISMA kwa mapitio ya kimfumo. Mtandao wa EQUATOR umezikusanya na ni za bure. Zitakuonyesha kilichoachwa, ila hazitakuambia kama kilichopo kina maana.

Sasa ripoti. Anza kwa muhtasari mfupi wa makala, ule ulioandika baada ya kusoma mara ya kwanza, ili mwandishi aone kwamba umemwelewa, au agundue kwamba hakueleweka. Taja kilicho imara, na kitaje mahususi. "Makala nzuri" haimsaidii mtu. Kisha hoja nzito, zile ambazo zisiporekebishwa dai linaanguka, halafu ndogondogo. Zipe nambari, kwa sababu mwandishi atalazimika kuzijibu moja baada ya nyingine. Tenga kabisa lazima na hiari. Wapo wahakiki wanaoandika hoja 40 bila kutofautisha koma iliyopotea na kundi la kulinganishia ambalo halipo, na mwandishi mchanga anabaki hajui aanzie wapi.

Linganisha sentensi hizi mbili. "Mbinu za utafiti ni dhaifu." Nyingine: "Katika ukurasa wa 7 mnasema vituo vya afya vilichaguliwa kwa urahisi wa kufikika, lakini hitimisho linazungumzia kaunti nzima, tafadhali elezeni vituo vilivyoachwa vinatofautianaje na hivi, au mlifunge hitimisho ndani ya vituo mlivyovifikia." Ya kwanza inaumiza na haimpi mtu kazi ya kufanya. Ya pili ni ndefu, na inaweza kujibiwa kesho asubuhi.

Usimwagize mwandishi afanye utafiti ambao wewe ungeufanya. Huo ni wako, uombee ufadhili. Usimlazimishe kunukuu makala zako. Lugha nayo iangalie kwa huruma: kama maana inaeleweka, sema mswada unahitaji kuhaririwa na upite, kumkataa mtu mwenye data nzuri kwa sababu Kiingereza chake kimekwaruza ni dhuluma, na wengi wetu katika ukanda huu tumedhulumiwa hivyo. Pendekezo la kukubali au kukataa liende kwa mhariri peke yake, kwenye sehemu yake ya siri, na lisipingane na ulichomwandikia mwandishi.

Mswada ni siri. Usiutume kwenye kundi la WhatsApp la idara, na usimpe rafiki "atupie jicho". Ukitaka kuhakiki pamoja na msimamizi wako, na hiyo ni njia nzuri mno ya kujifunza, muombeni mhariri ruhusa na jina lako liandikwe. Msimamizi akikupa mswada uandike ripoti kisha aiwasilishe kama yake, muulize kwa adabu kama mhariri anajua. Programu za akili unde zinahusika hapa pia. Kuubandika mswada humo ni kuutoa nje ya siri. NIH, taasisi ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, ilipiga marufuku jambo hilo mwaka 2023 kwa wanaohakiki maombi yake, na majarida mengi yana masharti yanayofanana.

Maombi ya ufadhili yanataka jicho jingine. Makala inaeleza kilichofanyika. Ombi linaahidi kitakachofanyika, na wewe unapima kama ahadi inatekelezeka kwa muda na fedha zilizotajwa. Soma mwongozo wa mfadhili kabla ya kusoma ombi lolote. Kwa NIH alama ni 1 hadi 9 na 1 ndiyo bora kabisa. Kwa wafadhili wengine alama kubwa ndiyo bora. Ukichanganya, umemnyima mtu haki yake bila kujua.

Halafu fungua ratiba. Ombi linalosema ukusanyaji wa data utaanza mwezi wa pili, je, limeacha nafasi ya kamati ya maadili na ya leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya? Kama ni utafiti wa shule, limekumbuka kwamba muhula wa tatu umejaa mitihani ya kitaifa? Kama ni wa mashambani, watafika vijijini wakati wa masika, Machi hadi Mei, kwa gari la aina gani? Katika bajeti tafuta malipo ya wahudumu wa afya ya jamii na ya vijana wa mtaa wanaowaongoza wahojaji. Wasipotajwa, ama watafanyishwa kazi bure ama utafiti utakwama. Angalia data zitakaa wapi na nani atakuwa na mamlaka juu yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu watafiti pia. Na mshirika wa Kenya akitajwa kwenye ukurasa wa kwanza kisha asionekane kwenye bajeti wala kwenye uchanganuzi, liseme bila kusita.

Alama na maneno viende pamoja. Ukiandika sifa tupu kisha utoe alama ya wastani, kamati haitajua ikusikilize wapi, na mwombaji hatajua arekebishe nini.

Mazoezi yapo bila kusubiri mwaliko. Majarida kama eLife, na majukwaa kama F1000Research na Wellcome Open Research, huchapisha ripoti za wahakiki pamoja na makala. Chukua makala moja, andika ripoti yako, kisha ndipo usome zao. Jukwaa la PREreview hupokea uhakiki wa makala za awali ambazo hazijapita jaridani, na hapa Nairobi kituo cha TCC Africa, kilicho Chuo Kikuu cha Nairobi, hutoa mafunzo ya uandishi na uchapishaji wa kitaaluma. Fanyeni hivyo idarani, watu watano na makala moja kila Ijumaa.

Mhariri akishaamua, mara nyingi utatumiwa ripoti za wenzako. Zisome neno kwa neno, hasa pale walipoona ulichopita. Mswada uliorekebishwa ukikurudia, anza na barua ya majibu na upime yale mliyoyaomba. Usizue masharti mapya juu ya mambo yaliyokuwapo tangu mwanzo ukayanyamazia, isipokuwa ni kosa linaloangusha dai lote. Na hata hapo mweleze mhariri kwamba ulipaswa kuligusia kwenye ripoti ya kwanza. Kama mwandishi amekataa ushauri wako na sababu yake inasimama, mwandikie mhariri kwamba umeridhika.