Chumba cha giza katika nyumba ya mawe, Lamu

Ndugu yangu, umeuliza kama choo cha ndani kisicho na dirisha, hapo kwenu Mkomani, kinatosha kusafishia filamu za nyeusi na nyeupe. Kinatosha sana. Kuta nene za matumbawe zimeshakufanyia nusu ya kazi. Tundika blanketi zito mlangoni, zima taa, kaa dakika kumi mchana. Ukiona mwanga wowote, ziba hapo. Taa nyekundu ni ya karatasi ya picha tu; filamu ya kawaida itie gizani kabisa kwenye tangi, yaani chombo cha kusafishia filamu kisichopitisha mwanga.

Tabu ya huku kwetu ni joto. Dawa nyingi za kusafishia zimepimiwa nyuzi 20 za Selsiasi, na maji yetu hayapoi hadi huko. Nunua barafu ile ya wavuvi, itie kwenye beseni la maji, usimamishe chupa za dawa humo. Usitie barafu ndani ya dawa, utaizimua. Kipimajoto ndicho kitu nisichokubali ukibanie pesa.

Maji ya kisima yana chumvi? Suuzia hayo kwanza, yanatoa vizuri fiksa, ile dawa ya mwisho inayofanya picha isiharibiwe tena na mwanga, ila umalizie kwa maji ya mvua, la sivyo chumvi itabaki kwenye filamu. Fiksa iliyotumika usiimwage karibu na kisima.

Mashine ya kukuzia picha iache kwanza. Laza negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, juu ya karatasi ya picha, gandamiza kwa kioo, washa balbu sekunde chache, kisha karatasi itie dawani. Picha ndogo, lakini zako.