Kurasa za daftari la Baba

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Huku Tanga hatujambo, goti la mama yako limetulia. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kama ni kweli alivyokwambia mwenzako hapo Kigali, kwamba waliofika mbali katika hisabati na fizikia walikuwa makapera wa kujifungia, na kwamba ukiolewa kabla ya kumaliza uzamivu umekwisha. Akakutajia Isaac Newton, yule mwanafizikia Mwingereza.

Newton kweli hakuoa. Mwaka 1665 tauni ilipofunga chuo cha Cambridge alirudi kijijini kwao Woolsthorpe, na huko akaanza kuvumbua mambo ya mwanga, uvutano na kalkulasi, yaani hesabu za mabadiliko, ambayo mpaka leo tunayatumia. Lakini wasimuliaji huishia hapo. Mengi aliyakalia kimya, hadi mwanaastronomia Edmond Halley alipomfuata mwaka 1684 na kumuuliza swali moja tu kuhusu njia ya sayari. Ndipo akaketi kuandika, na kitabu kikatoka 1687, Halley akilipia uchapaji. Mtu alibisha hodi, mwanangu. Naye Emmy Noether, mwanahisabati wa Ujerumani ambaye kanuni yake ya 1918 unaitumia kila siku katika fizikia, hakuolewa, lakini pale chuo cha Göttingen, hata miaka ile aliyofundisha bila mshahara, alikuwa na wanafunzi wake wakitembea na kubishana. Useja kitu kimoja, upweke kitu kingine.

Upweke mimi naujua. Kazi yangu ya kwanza nilipangiwa shule ya bara, mwalimu wa hisabati peke yangu, sijaoa, jioni zote ni zangu. Nilinunua kaunta buku. Nilikuwa nimekutana na kanuni hii: chukua namba, izidishe kwa yenyewe, toa namba hiyohiyo, ongeza 41. Ukianza na 1 unapata 41, na 2 unapata 43, na 3 unapata 47. Zote namba tasa. Nikaenda nazo kwa kandili, moja moja, nikijaribu kuzigawanya, hadi 40 iliponipa 1601, nayo tasa. 41 ikakataa, na hilo halina ajabu, maana jibu lake ni 41 mara 41. Lakini zile 40 za mwanzo, kwa nini hata moja haikuteleza? Nilihangaika miezi. Sikuwa na wa kumwonyesha. Ukigeuza ukurasa baada ya hapo utakuta madeni ya dukani: sukari kilo 2, mafuta ya taa, betri za redio. Sikuliacha lile swali kwa ajili ya mke wala mtoto, sikuwa nao. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba kanuni ile ni ya Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18, mtu mwenye mke, aliyezaa watoto 13 na kuwazika wengi wao wakiwa wadogo, na aliyeendelea na kazi hata alipopofuka, yeye akisema na wengine wakiandika.

Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani, yalimfika makubwa zaidi. Alirudi kwao Lahore mwaka 1951 kutoka Cambridge, akakosa mtu wa kuzungumza naye fizikia yake, na 1954 ikambidi aondoke kwao. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Mwaka 1964 akaanzisha kituo kule Trieste, Italia, ili mwanafizikia wa nchi maskini akae na wenzake kwa muda, kisha arudi nyumbani bila kufa kitaaluma. Nobel aliipata 1979. Taasisi unayosomea ni mshirika wa kituo hicho. Kiti unachokalia kimetokana na mtu aliyeumizwa na upweke.

Faragha utaihitaji, tena nyingi: saa tatu, nne mfululizo bila mtu kukuita. Mimi nilizipata baada ya kuoa, na nikwambie zilikotoka. Mama yako alirudi kutoka kazini, akapika, akawaogesha ninyi watoto, huku mimi nimeketi chumbani na vitabu. Yeye hakuna aliyempa saa zake. Hesabu za kichwani alinishinda, na mpaka leo ananishinda. Linaniuma, na nimeshamwambia.

Kwa hiyo huyo kijana uliyemtaja, muulize mapema: usiku mtoto ana homa, na wewe kesho asubuhi una semina, nani anaamka? Sikiliza anavyojibu, kisha mtazame anavyofanya mkiwa bado wachumba. Maryam Mirzakhani, mwanahisabati kutoka Iran na mwanamke wa kwanza kupata Medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 2014, alikuwa na mume na binti. Alitandaza makaratasi makubwa sakafuni akachora maumbo yake, na yule mtoto akidhani mama anachora picha. Hayo yanawezekana, ila si kwa mume yeyote. Na ukiona hutaki kuolewa kabisa, usiolewe. Shangazi zako niachie mimi.

Daftari lile bado ninalo. Nimezipiga picha kurasa za kandili, nimekutumia kwa WhatsApp. Sababu ya zile 40 ilishajulikana, ila iko juu ya kimo changu. Tafuta mtu wa hisabati hapo chuoni, kaeni nayo, kisha nipigie Jumapili unieleze polepole. Nitakuwa na kalamu.

Baba yako