"Na" au "kwa"? Akili unde na uhuru wa kujieleza

SWALI: Katika ripoti ya haki za binadamu ninayoihariri mna sentensi hii: "Picha hii imetungwa na akili unde, nayo inalindwa na uhuru wake wa kujieleza." Mwenzangu ashikilia kuwa "na" ya kwanza iwe "kwa". Je, ana hoja?

JIBU: Anayo, ingawa si ya kisarufi. Katika kauli ya kutendwa, "na" humtambulisha mtenda, na "kwa" hutambulisha ala: barua imeandikwa na mwalimu kwa kalamu. Hata hivyo, mtenda si lazima awe mtu, maana twasema paa limeezuliwa na upepo bila kuudhania upepo nia yoyote. Kwa hiyo "imetungwa na akili unde" si kosa la lugha. Kosa limo katika neno "wake".

Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1966 na kuanza kutumika mwaka 1976, kinamhakikishia kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo ya kila aina bila kujali mipaka ya nchi, iwe kwa mdomo, kwa maandishi, kwa chapa, kwa sanaa au kwa njia nyingine aichaguayo. Tazama "kwa" inavyojirudia: mwenye haki ni mtu, na vyote vinavyofuata ni njia tu. Anayeiagiza programu imchoree kikaragosi cha kumkejeli waziri ametumia njia aliyoichagua, na vikwazo ambavyo kifungu hicho kinaviruhusu, mathalani vya kulinda heshima za wengine, vinamhusu yeye. Pendekezo langu ni hili: "Picha hii imetungwa kwa akili unde, na aliyeitunga analindwa na uhuru wake wa kujieleza." Mtungaji asipojulikana, bado ipo haki ya mtazamaji ya kupokea, ambayo wahariri huisahau mno.

Kuhusu "kujieleza" lenyewe, kiambishi "-ji-" hakivikatai vitu, kwani hata mlango hujifunga. Ila kitu kikijieleza, maana hugeuka: "takwimu zinajieleza" ni kusema kwamba hazihitaji ufafanuzi. Ukiandika kuwa akili unde inajieleza, msomaji aweza kudhani kwamba utendaji wake ni rahisi kufahamika, na wanaoiunda ndio watakaokuwa wa kwanza kukukanusha.