Bigami siyo mitala

SWALI: Mwalimu shikamoo. Hapa stejini kwetu Jinja boda wamebishana mpaka abiria wanaondoka kwa miguu. Jirani yetu ana mke wa kanisani kabisa, pete na cheti, sasa juzi amevaa kanzu akaenda kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kujitambulisha ukweni, kwa kina binti mwingine. Mmoja akasema huyo ni bigamisti atafungwa, mwingine akasema aah hiyo ni mitala tu, mbona Waislamu wanaoa hadi wanne. Bigami kwa Kiswahili ni nini?

JIBU: Marahaba. Neno lenyewe tumelitoa kwa Waingereza, nao mizizi waliiokota huku na kule, bi ni mbili ya Kilatini, gamos ni ndoa ya Kigiriki. Sasa watu wakisikia mbili wanadhani kila mwenye wake wawili ni bigamisti, hapana. Mitala ni halali, ndoa za kimila zinaikubali na sheria ya Uganda ya mwaka 1973 inazitambua, na ya Kiislamu pia. Lakini ukishafunga kanisani umeingia ndoa ya mke mmoja, hapo huwezi tena kurudi kwa mila kuongeza mwingine, kwa hiyo kama ile kwanjula ndiyo ndoa yenyewe na mahari yametoka, basi yule wa kwanza hapo stejini alikuwa karibu na ukweli, kifungo cha bigami kinafika miaka 5.

Na mwanamke pia anaweza kuitwa hivyo! Wengi wananaswa hapa: "si tuliachana zamani." Kuachana kwa mdomo, kila mtu akabeba godoro lake, siyo talaka, ndoa bado ipo mpaka korti iivunje. Labda mwenzio amepotea miaka 7 mfululizo na hujasikia kama yuko hai, hapo sheria haikushtaki.

Mwenye mchepuko bila sherehe yoyote? Huyo mpe jina lingine, bigamisti siyo.

Kiswahili hatuna neno moja lililokaa vizuri. Mimi husema "amefunga ndoa juu ya ndoa", mtu anaelewa hapohapo. Na yule binti msimwite mke mwenza, mke mwenza ni wa mitala. Muulizeni kwanza kama alijua jamaa ana mke wa kanisani, maana akijua halafu akakubali kufunga naye ndoa, sheria inambana na yeye.