Anza na Maisha

Mkuu, uliuliza uanze na ipi kati ya albamu mbili za muziki wa Wagogo: anza na "Maisha" ya kundi la The Zawose Queens, ya 2024. Pendo na Leah Zawose, waimbaji wa kundi hilo, wameshika usukani wenyewe, na zile sauti za Kigogo zinazopandana hazijafunikwa na midundo ya kompyuta. "Assembly" ya marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, na mpiga gitaa Michael Brook, ya 2002, ni nzuri, ila gitaa limejaa mno kwa masikio yangu. Hiyo ya pili isikilize usiku.

Matoleo ya zamani yanayorudishwa sokoni nayachukua kwa tahadhari: wakipandisha sauti kupita kiasi, ule mvumo wa ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, unapotea. Halafu tumia hedifoni, spika ya simu itakudanganya. Huku Dodoma, nyumbani kwa Wagogo, zeze, ala yao ya nyuzi, tunalisikia zaidi wageni wakipokelewa kuliko siku za kawaida, aibu kweli!